Mbao za Darini kwa Mama

Miaka ile ya mwisho ya themanini, mabanda ya video yalipoanza kuota mtaani Majengo kama uyoga, nilikuwa mwanamke pekee katika kikundi chetu cha karate, na nilijiona. Nasema mapema ili asije mtu akanisemea. Nilijiona mno.

Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani, mtu mfupi na mpole, ambaye mchana alishona sare za shule na jioni alitufundisha mateke katika ukumbi wenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Suti zetu alizishona mwenyewe kwa vitambaa vya magunia ya unga wa msaada. Ukifua mara nyingi maandishi yalififia. Mimi nilikuwa mvivu wa kufua, kwa hiyo nilipanda jukwaani mgongo wangu ukitangaza kwamba sikuwa bidhaa ya kuuzwa. Wenzangu walinitania kwa hilo mwaka mzima.

Siku za sikukuu tulifanya maonesho, mara mjini, mara kwenye viwanja vya shule huko mlimani. Mimi ndiye niliyefunga kazi. Wanaume wanne walinijia na mapanga, nami niliwarusha mmoja baada ya mwingine. Nikimgusa wa kwanza kiwiko, anapaa. Nikimshika wa pili shingo, anabiringika hadi miguuni kwa watazamaji. Watu hawakujua kwamba mwalimu alikuwa akihesabu kwa kupiga paja lake taratibu, moja, mbili, na kwamba kila mmoja aliruka kwenye hesabu yake. Ufundi wote ulikuwa wa wale wanaoruka. Kazi yangu ilikuwa kusimama vizuri na kukunja uso.

Kisha zilikuja mbao. Nilivunja tatu kwa pigo moja la mkono. Zilikuwa mbao nyembamba za mgrevilea, mti ule tunaoupanda kwenye kahawa, nami nilizianika kwa wiki kadhaa kwenye dari la jiko la mama yangu, nyumbani kwetu juu ya Himo. Dari hilo liko juu ya mafiga, ndipo yanapowekwa mahindi na kuni, na moshi haukatiki hapo tangu asubuhi. Ubao ukishuka darini umekauka mpaka mtoto wa chekechea angeweza kuuvunja.

Mpaka hapo sina aibu. Mchezo ni mchezo, na wanaoruka walikuwa wamejifunza kwa maumivu jinsi ya kuanguka. Aibu yangu ni kwamba watu waliponiuliza kama yale yalikuwa ya kweli, nilitabasamu tu, nikaliacha tabasamu liwadanganye kwa niaba yangu.

Aliyeamini kuliko wote alikuwa mdogo wangu wa kike. Yeye hakupata muda wa karate. Siku za soko aliteremka Himo na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa na akina mama wengine wa ndizi, akisubiri wanunuzi wanaotoka mpakani. Alikuwa na shingo imara kuliko wanaume wote wa kikundi chetu. Lakini kulikuwa na mpakiaji mmoja wa malori aliyempa shida. Kila soko alimshika kifundo cha mkono, akimvuta kuelekea nyuma ya magari, eti kuna mnunuzi mzuri anamngoja. Mara mbili alijinasua kwa sababu dereva alitokea. Hakuwa amemwambia mtu.

Aliniambia mimi Ijumaa moja, tukiwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, tunakata majani ya ng'ombe.

"Dada, soko lijalo namalizana naye," alisema. "Nikienda nyuma ya malori nitaenda mwenyewe. Tazama."

Akaweka mundu chini, akausogelea mgomba, akanionesha. Mguso wa kiwiko, mshiko wa shingo, hata uso aliukunja kama mimi. Alikuwa ameyaiba yote kwa macho. Niliingiwa na hofu, kwa sababu niliona lile jitu la malori likisimama bila kuruka, halina wa kulihesabia.

Na mnajua nilifanya nini? Nilimrekebisha kiwiko. Nikamwambia akiinue kidogo.

Kesho yake, Jumamosi, siku mbili kabla ya soko, tulikuwa na onesho kwenye uwanja wa shule ya pale pale kijijini. Mama alikuja na gauni lake la kanisani. Mdogo wangu alikaa mbele kabisa. Wanaume wanne waliruka vizuri, watu wakashangilia, mbao zikaletwa. Nikapiga.

Mkono ulirudi kama nimepiga ukuta. Nikapiga tena, maana watu walikuwa wanangoja. Mara ya tatu machozi yalinitoka, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mbao zilikuwa nzima, nzito, zinanukia utomvu.

Nilimkuta mama jikoni akichemsha maji ya kunikanda.

"Mwanangu, ni mimi," alisema. "Kuni ziliniishia, nikaona zile mbao zako zimezeeka, zimekuwa nyeusi kwa moshi. Nikasema mwanangu ataaibika mbele za watu na vitu kama hivi. Nikazikokea moto, nikakuwekea nyingine nzuri, zimepasuliwa juzi tu."

Nani angeweza kumkasirikia? Alikuwa amechagua zilizonyooka kuliko zote.

Mdogo wangu hakucheka pale uwanjani wala nyumbani. Alinishika ule mkono uliovimba, akaugeuza huku na huku. "Wamekuonea wivu," alisema. "Kuna mtu kakufanyia jambo. Mwanamke anayewarusha wanaume wanne hawezi kushindwa na mbao."

Nilitoka nje, nikakata jani la sale kwenye ua wa mpaka. Kwetu sale halichumwi kwa mchezo. Ukilipeleka kwa uliyemkosea, hata kama ulimchomea nyumba, hana budi kukusikiliza na kukusamehe. Nililifunga fundo, nikamkabidhi mdogo wangu mwenyewe, niliyembeba mgongoni akiwa mtoto.

Alilitazama sana. "Dada, sale? Umeua mtu?"

"Bado," nilimwambia. "Ila nilikuwa njiani." Nikamweleza yote, hesabu za mwalimu, wanaume wanaoruka wenyewe, mbao za darini. Nikamwambia kama angemfuata yule mtu nyuma ya malori, kiwiko changu kisingemsaidia kitu.

Alilichomeka sale kwenye kona ya paa, maana kulikataa hawezi, akaenda kukamua. Nilimsikia akilia kule kwa ng'ombe. Nadhani hakulia kwa ajili ya karate. Alilia kwa sababu alikuwa na siri moja tu ya kumpa nguvu, nami nilikuwa nimeichukua.

Kesho yake, Jumapili, niliteremka mjini mpaka Majengo, nyumbani kwa mwalimu. Nilimkuta akishona vifungo. Nilimwambia kila kitu, nikamuuliza kama katika yote aliyotufundisha kulikuwa na chochote cha kweli.

Alikata uzi kwa meno. "Kipo," alisema. "Ni kidogo, ndiyo maana hakifai jukwaani. Nishike mkono."

Nikamshika kwa mkono wangu mzima. Alizungusha kifundo chake kuelekea dole gumba langu, akavuta, akatoka. "Dole gumba liko peke yake. Vidole vinne vina wenzao. Toka upande wa aliye peke yake. Cha pili ni lile yowe letu, litoke tumboni. Cha tatu, kimbilia penye watu. Usirudi kumalizia ushindi."

"Basi?"

"Basi. Mficha uchi hazai, umefanya vizuri kuuliza. Kapande gari, umfundishe."

Jioni ile tulifanya mazoezi kihambani mpaka mama akatuuliza kama tumerogwa. Mdogo wangu alikuwa bado hanichekei, lakini alinishikisha mkono wake tena na tena. Yowe ndilo lililomshinda. Alilelewa kanisani na shambani, mwanamke asiyepaza sauti. Mara ya kumi na kitu lilitoka, na ng'ombe akapiga teke ndoo.

Siku ya soko nilikwenda naye, mkono wangu umefungwa kanga. Nilikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwake, yule mtu alipomshika. Sikuwahi hata kufika. Mdogo wangu alizungusha kifundo, akatoka, akapiga yowe ambalo sijawahi kulipiga jukwaani maisha yangu yote. Kisha hakukimbia, maana watu ndio waliomkimbilia yeye. Akina mama wa ndizi waliacha mikungu yao chini, wengine ngata zingali kichwani, wakamzunguka yule bwana kimya kimya. Alipanda juu ya lori, akasema kutoka huko kwamba alikuwa anatania.

"Shuka uombe radhi," mmoja wao alimwambia. "Tutangoja. Ndizi hazina haraka."

Alishuka. Aliomba. Na baadaye ilijulikana kwamba wanne kati ya wale akina mama walikuwa na habari yao wenyewe na mkono ule ule, kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Mwalimu alimwita mdogo wangu kwenye onesho lililofuata, pale pale uwanjani. Safari hii nilisimama kwanza nikawatangazia watu kwamba mapanga ni mchezo, na wanaoruka ndio mafundi. Walishangilia vile vile, pengine zaidi. Mbao tuliacha, mama alipikia.

Kisha ikaja zamu ya mdogo wangu. Mmoja wa warukaji wetu, bora kuliko wote, alimshika mkono kama walivyofanya mazoezi. Mwalimu aliinua kiganja aanze kuhesabu pajani. Mdogo wangu alizungusha kifundo, akapiga yowe, na kule nyuma akina mama wa ndizi waliokuja kutazama wote wakainuka kwa pamoja, mmoja tayari anajifunga kanga kiunoni. Mrukaji wetu aliwaona wakija. Hakungoja moja wala mbili, alitimua mbio za kweli.