Nyirinyiri Mfukoni

Tangu nirudi Lodwar kutoka kuzurura, chakula kilikuwa hakiniingii. Bosi mmoja wa Kakuma alinikatalia kazi ya ulinzi hadi ninenepe. Muuguzi akanishauri nile kidogo kidogo, mara kwa mara. Basi nikajaza nyirinyiri mfukoni, ile nyama ya kukaangwa ambayo mama huihifadhi ndani ya mafuta, chakula pekee nilichokitamani kokote nilikokwenda.

Mimi mzaliwa wa hapa nikasahau jua letu! Niliposimama tena mbele ya bosi, mafuta yalikuwa yameyeyuka na kulowesha suruali hadi gotini.

"Mzee, umejikojolea?" akauliza. Foleni nzima ya waomba kazi ikaangua kicheko.

Nikachomoa kipande, nikakitafuna nikimkazia macho. Kingine nikamnyooshea.

"Onja, bosi. Huu ndio mkojo unaoninenepesha."