Fundi Banabana na Kichupa Chake

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Wanamwita Banabana. Umpelekee kitambaa cha kaptula, atakutolea suruali, na bado akurudishie kipande cha kufutia miwani. Wateja wanasema ana kipaji. Mimi ninayekula naye sahani moja nasema ni ubahili uliosomea ufundi.

Ana sukari. Siku hizi kila nyumba ina mwenye sukari, hata zile ambazo hazina sukari ya kutia kwenye chai. Yake ni ile ya sindano. Asubuhi na jioni anajichoma insulini tumboni, halafu anakaa kwenye cherehani na kuendelea na sindano nyingine. "Mimi ni mtu wa sindano mbili," huwaambia wateja, nao hucheka, maana hawajui bei ya ile ya kwanza.

Friji hatuna. Kwa hiyo kichupa cha insulini tumekipangisha kwa jirani yetu wa duka la vinywaji, Mama Soda. Kinakaa kwenye friji lake la kioo, katikati ya soda nyekundu na soda za machungwa, kama askari aliyepangiwa chumba kimoja na wezi. Mama Soda hatutozi chochote, ila kila mnunuzi lazima aelezwe kichupa ni cha nani na kinatibu nini. Ugonjwa wa mume wangu unajulikana mpaka na wapita njia.

Zahanati inatoa insulini bure, na ina kasoro moja tu, kwamba haipo. Dirishani yupo mhudumu mpole sana ambaye kila tukienda hutuambia, "Iko njiani." Konokono angekuwa ameshafika, ameoa na anabembeleza wajukuu. Basi tunanunua kwenye duka la dawa, ambako ipo tele, na bei yake hupanda kila unapoanza kuizoea. Mwenye duka, Dada Dawa, ni mtu mwema. Akitaja bei mpya huinamisha kichwa kama anayetoa pole msibani.

Ushauri ndio haujawahi kuadimika. Shemeji yangu, yule mwenye gari, alituambia dawa ni kupunguza mawazo, kisha akaondoka na gari lake. Jirani alileta majani machungu ya kuchemsha. Mtaalamu mmoja redioni alisisitiza mazoezi ya miguu, na mume wangu anakanyaga cherehani kutwa nzima.

Bei ilipopanda mara ya mwisho nilimuuliza tutafanyaje. Alinijibu bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona.

"Tutabana, mama watoto."

Nikajua anasema matumizi. Nikaacha kununua nyama, nikaacha sabuni ya unga, nikajiona waziri wa fedha. Kumbe mwenzangu alikuwa anabana kitu kingine.

Alianza kumaliza jagi la maji kabla jua halijapanda, na haja ndogo ikawa inambana hadi wateja wakazoea kuongea na kiti kitupu. Nilimuuliza, akasema ni joto. Uzi akawa ananipa mimi nimtungie kwenye sindano. Akasema viwanda vya siku hizi vinatoboa matundu madogo ili vipate faida. Kukonda hakukuonekana. Mume wa mwenzio akikonda, suruali humvuka, na mtaa mzima unauliza kulikoni. Wangu nguo zilimkaa sawa kiunoni, sawa mabegani, kama bwana harusi.

Ndipo Dada Dawa alipoleta kitambaa cheupe ashonewe koti la kazini. Kilikuwa kifupi. Akamwomba abanebane, si ndiyo sifa yake. Mume wangu alikipima, akakirudisha.

"Hapa hapabanwi, dada. Nikikudanganya, siku utakayonyanyua mkono litapasuka kwapani. Kuna mahali pa kubana na mahali pa kuongeza."

Dada Dawa akaongeza kitambaa. Siku alipofuata koti lake lilikuwa limebaki ukosi, kwa hiyo akakaa kusubiri, nami nipo pembeni natunga nyuzi. Cherehani inalia, tunasengenya kidogo, mara Dada Dawa akainama.

"Fundi, hiyo nakshi nyekundu nilikuagiza mimi?"

Ukosi ulikuwa na matone ya damu. Sindano ilikuwa imemtoboa ncha ya kidole, na yeye bado anakanyaga.

"Haikuumi?" Dada Dawa akamuuliza.

"Hata kidogo," alisema, tena kwa majivuno.

Dada Dawa hakumsifu. Alimshika mkono akaminya kidole kimoja kimoja, akimuuliza anahisi nini. Kisha akanigeukia.

"Dada, nilidhani mmehamia duka lingine. Mbona hamji tena kuchukua dawa?"

Nikamwambia hatujahama, kichupa kipo, nakiona kila siku kwa Mama Soda.

"Hicho ndicho kinachonitisha," akasema. "Kile kilitakiwa kuwa kimeisha zamani."

Nilimwambia mume wangu asimame. Nikakunjua kiuno cha suruali yake nikaangalia ndani. Nje palikuwa safi, pamepigwa pasi. Ndani kulikuwa na mshono wa kwanza, wa pili, na wa tatu, kila mmoja umeingia zaidi ya mwenzake. Alikonda, akabana suruali. Akakonda tena, akabana tena. Fundi mzuri haachi alama.

"Nilikuwa nachoma nusu," akasema polepole. "Siku nyingine chini ya nusu. Nikaona asubuhi naamka, nikasema kumbe inatosha."

"Koti la watu umelikatalia," nikamwambia, "lakini mwili wako ukaukubalia."

Nilikuwa na hasira ya kupindua cherehani, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Nampenda mwanaume yule, na ubahili wake ndani yake.

Dada Dawa alifunga duka lake akatupeleka hospitali. Muuguzi alipima sukari, akatazama namba, akapima tena akidhani mashine imeharibika. Wakamlaza. Daktari aliniuliza kwa upole kama tuliwahi kuelimishwa kuhusu umuhimu wa dozi kamili.

"Tumeelimika sana, daktari," nikamwambia. "Mfuko ndio haujasoma."

Alirudi nyumbani akiwa hai, na vidole viwili ambavyo mpaka leo havijui moto wala baridi. Mashine ya kudarizi, aliyomnunulia binti yetu ajifunzie, tuliiuza tupate hela ya dawa. Binti alisema hakuipenda hata hivyo. Ni mwongo mzuri, amemrithi baba yake. Dada Dawa anatuuzia kwa bei anayonunulia yeye, na koti lake analivaa likiwa na doa hafifu ukosini, maana damu ya bahili haitoki.

Sasa dozi napima mimi. Nakwenda kwa Mama Soda, namwondoa askari wetu kati ya wezi, narudi naye nimemfumbata mkononi. Nikivuta dawa, mume wangu huchungulia ile mistari ya bomba la sindano kama mteja asiyemwamini fundi.

"Punguza mstari mmoja, mama watoto. Mmoja tu."

"Nyanyua shati, baba watoto. Hapa hapabanwi."

Jioni moja aliniuliza, "Na hiki kichupa kikiisha, hatuna cha kuuza?" Nikamchoma dozi kamili, nikafuta, nikashusha shati.

Ameanza kunenepa, na suruali zinamkaba. Nilichukua wembe nizifumue, ndipo nikaona jambo ambalo siku ile hasira haikuniacha nilione. Kitambaa chote kilichozidi kilikuwepo ndani ya mishono. Banabana, ambaye hajawahi kuacha hata kipande cha kidole kipotee, alikuwa amekikunja na kukilaza, hakukikata.

"Mbona hukukata?" nikamuuliza.

Alikuwa anatafuta tundu la sindano dirishani, mgongo umenielekea.

"Nilitegemea nitarudi."

Nimefumua mshono wa tatu. Imebaki miwili, na kichupa kimefika nusu.