Kioo Kimoja cha Mama Rejesha

Hebu mwone anavyokuja. Asubuhi bado ina ubaridi, lango la kambi ya ndege za kivita limefunguliwa nusu, na mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, anapita mbele ya mlinzi bila kusimama. Mkono wa kulia ana chupa ya chai ya bati, ile yenye mdomo mpana. Mkono wa kushoto ana funguo.

"Mama, leo viatu vipya!" mlinzi anamtania.

"Leo kuna wageni, mwanangu. Hata mbuzi wa kuchinjwa huoshwa kwanza."

Mlinzi akacheka. Angejua mbuzi mwenyewe ni nani, kicheko kingemkwama kooni.

Huyo ndiye Mama Rejesha. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, ila kambini hakuna anayelikumbuka. Kazi yake ni kutunza chumba cha vifaa katika banda la ndege. Fundi akitaka bisibisi anakuja dirishani, anaacha kibati chenye namba yake, anapewa bisibisi. Akimaliza anairudisha, anachukua kibati chake na kukining'iniza kiunoni. Akichelewa kidogo, sauti inamfuata hadi chini ya bawa la ndege: "Rejeshaaa!" Wapo mafundi wanaoapa kwamba wakisikia neno hilo hata sokoni, mikono yao hukimbilia mifukoni.

Ndani ya chumba hicho kuna droo, na ndani ya kila droo kuna sponji nyeusi iliyochongwa umbo la kila kifaa. Spana ina kitanda chake, koleo lina kitanda chake. Chini ya sponji nyeusi kuna ya manjano, kwa hiyo kifaa kisipokuwepo, pengo lake linang'aa kama jicho la paka. Ukali wote huo una sababu. Ndege ya kivita si gari, useme umesahau spana kwenye boneti utaisikia ikigonga njiani. Ndege hiyo ikipinduka juu chini huko angani, kilichosahaulika ndani yake nacho kinapinduka, kinatafuta pa kuingia.

Na Mama Rejesha hilo analijua kwa uchungu kuliko wote.

Mdogo wake wa kiume alikuwa fundi wa ndege katika kambi hiyohiyo. Mama yao mmoja, baba mbalimbali, kwa hiyo majina yao hayafanani. Siku moja, miaka mingi nyuma, walikuja wakubwa wa serikali kutazama ndege zikichezacheza angani, maana kulikuwa na mpango wa kununua nyingine na walitaka kuona kama zinafaa kuongezwa. Kabla ya kuruka, fundi yule akaona spana yake moja haipo. Akamkimbilia kapteni aliyesimamia.

"Afande, tusirushe. Spana moja siioni."

Kapteni akatazama jukwaa lililojaa wakubwa. Akatazama saa.

"Rukeni," akasema. "Itapatikana chini ya kabati."

Haikuwa chini ya kabati, ndugu zangu. Ilikuwa chini ya usukani wa rubani. Ndege ilipopinduka spana ikaingia pasipostahili, usukani ukakaza, na rubani akalazimika kujirusha nje na kiti chake. Aliteremka kwa mwavuli akiwa hai, lakini mgongo umevunjika. Ndege ikaungua mashambani. Baraza la uchunguzi lilipokaa, kapteni akaapa kwamba hakuambiwa lolote. Sasa weka neno la kapteni huku na neno la fundi kule, uone mizani italalia wapi. Fundi alivuliwa beji mbele ya gwaride zima, akasindikizwa hadi langoni kama mwizi wa kuku.

Leo hii anaishi kwa dada yake, anatengeneza feni na majiko ya gesi barazani. Ni mpole, hana neno na mtu. Ila kila wakimaliza kula, hanyanyuki mezani hadi vijiko vyote virudi mbele yake na avipange kimoja kimoja, vikubwa huku, vidogo kule. Mtoto wa jirani aliwahi kuficha kimoja kwa utani. Mtu mzima alitafuta hadi akalia.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mama Rejesha aliyaona yale machozi, akaenda kuomba kazi kambini.

Alitaka nini? Mwanzoni hata yeye hakujua. Alitaka tu kuwa karibu. Kapteni akawa meja, meja akawa kanali, kanali akawa Mkuu wa Kambi, naye dada mtu yuko dirishani, anampigia saluti ya macho na kumtakia asubuhi njema. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Lakini kilichomtia moto hasa ni hotuba. Kila mwaka wanapokuja mafundi wapya, Kanali huwaleta mbele ya dirisha la vifaa, anaweka mkono kwenye kaunta, karibu kabisa na mkono wa Mama Rejesha, na kusema:

"Hapa kambini palikuwa na fundi mmoja mzembe. Alipoteza spana, akanyamaza. Tukapoteza ndege, rubani akalemaa. Ndiyo maana nimeweka sheria: kifaa kimoja kisipokuwa mahali pake, hakuna injini itakayowashwa. Hata awe amekuja nani! Sivyo, Mama Rejesha?"

"Ndivyo, Kanali," hujibu yeye. "Hata awe amekuja nani."

Na kila mwaka anapolijibu hilo, moyoni anaongeza: *na siku moja utaila sheria yako bila chumvi.*

Siku yenyewe ndiyo hii ya viatu vipya.

Ndege mpya tatu za kivita zimewasili, zimenunuliwa baada ya maneno mengi bungeni na safari nyingi za Kanali kwenda kuzichagua. Leo ni maonyesho. Viti vya plastiki vimepangwa kandokando ya njia ya kurukia, bendi inajaribu tarumbeta, watoto wa shule wana bendera. Kuna hema la wauzaji wa silaha, makombora ya mfano yamepangwa mezani kama chupa za manukato. Waziri yupo. Na inajulikana kambi nzima kwamba ndege zikitua tu, Kanali ataitwa jukwaani avishwe cheo cha brigedia. Mkewe amekwisha kaa mstari wa mbele, kamera mkononi.

Bandani, mafundi walimaliza ukaguzi wa mwisho, vifaa vikaanza kurudi dirishani. Fundi binti, yule mwembamba mwenye miwani, alirudisha kioo cha kukagulia: kioo kidogo kama sarafu, mwishoni mwa mkono mwembamba unaovutwa kama antena ya redio. Hutumika kuchungulia pembe za injini ambazo jicho halifiki.

"Shikamoo Mama. Hiki hapa."

"Marahaba, binti yangu. Chukua kibati chako. Kining'inize kiunoni, nikione."

Binti akakining'iniza, akaondoka. Mama Rejesha akafungua chupa yake ya chai, akaukunja mkono wa kile kioo, akakitumbukiza. Akafunga. Akasubiri vifaa vyote virudi, akavuta droo moja nje kabisa, akaiweka juu ya kaunta ili pengo la manjano lionekane na wote. Kisha akavuta pumzi ya miaka yote ile.

"Kioo cha kukagulia hakipo!"

Banda zima likageuza vichwa dirishani. Hata aliyekuwa akipiga mluzi aliumeza.

Msimamizi wa mafundi, mzee waliyemwita Babu Grisi, akaja mbio. "Mama Rejesha, angalia vizuri. Si leo, tafadhali. Leo lisitupate hili."

"Macho ninayo, Babu. Angalia mwenyewe."

Wakatafuta. Wakapekua masanduku, wakalala chini ya mabawa, wakamulika matundu kwa tochi. Huko nje bendi ikarudia wimbo uleule hadi watoto wakaanza kuuimba kwa kejeli. Marubani watatu wakasubiri kofia mkononi. Mwishowe Kanali mwenyewe akaingia, medali zinagongana kifuani.

"Kuna nini humu? Waziri anatazama saa!"

Babu Grisi akamweleza. Kanali akaligeukia kundi la mafundi. "Nani alikuwa wa mwisho kukitumia?"

Fundi binti akajitokeza. "Ni mimi, Afande."

"Ni wewe." Kanali akamsogelea, akaushika ukosi wa ovaroli yake pale penye beji. "Wazembe hamwishi. Kila zama na mzembe wake."

Hapo Mama Rejesha hakumwona binti. Alimwona mdogo wake. Akafungua kile kimlango cha kando ya dirisha, ambacho huwa hakifungui kwa mtu, akatoka nje.

"Mwache binti wa watu, Kanali. Kibati chake kiko kiunoni. Alirejesha, nilipokea mimi."

Kanali akauachia ukosi. Halafu uso ukamng'aa, kama mtu aliyeona mlango. "Basi kama kilirejeshwa, kimedondoka humo chumbani kwako. Hakiko kwenye ndege. Sawasawa! Rukeni. Kitapatikana chini ya kabati."

Mungu mkubwa. Neno kwa neno. Mama Rejesha alikuwa amejiandaa kumsukuma afike hapo, na mtu kafika kwa miguu yake mwenyewe.

"Kama spana ile ilivyopatikana chini ya kabati?" akauliza.

"Spana gani?"

"Ile uliyoambiwa, ukasema rukeni. Halafu ukaapa kwamba hukuambiwa. Yule fundi mzembe wa hotuba zako ni mdogo wangu, Kanali. Wa tumbo moja. Kila mwaka unamtukana mkono wako ukiwa karibu na wangu."

Ukisikia mtu kageuka jiwe, ndivyo hivyo. Mafundi wakatazamana. Babu Grisi, ambaye siku ile ya spana naye alikuwa kijana bandani na hakuthubutu kusema, akakunja mikono yake yenye mafuta.

"Afande," akasema taratibu, "ukitaka turushe, toa amri kwa sauti, tusikie wote. Safari hii tutakumbuka nani aliitoa."

Kanali akawageukia marubani, akitafuta wa kumwokoa. Rubani kiongozi akaiweka kofia yake juu ya kaunta, karibu na ile chupa ya chai. "Mimi nina watoto, Mkuu. Sipandi."

Na wenzake wakaweka zao.

Huko nje mtangazaji aliwaambia watu kwamba, kwa sababu za kiufundi, ndege zingetazamwa zikiwa zimeegeshwa. Watu wakazomea. Waziri aliondoka kabla ya soda, na cheo kikarudi mjini ndani ya kisanduku chake. Mama Rejesha alisimama mlangoni mwa banda, akamtazama mke wa Kanali akiifunga kamera. Nisikudanganye eti alimhurumia. Aliona raha. Aliona raha hadi kwenye vidole vya miguu.

Askari walimpekua, wakapekua chumba. Alipoona wamechoka aliwamiminia chai kwenye kifuniko.

"Karibuni, wanangu. Kazi ngumu hii."

"Asante, Mama. Tamu kweli."

"Siri ni kuiacha ikolee."

Wakamwambia aende nyumbani asubiri kuitwa. Akapita langoni na chupa yake.

Jua lilikuwa bado juu alipofika. Mdogo wake alikuwa barazani, feni imefunguliwa mbele yake, skrubu zimepangwa kwenye kitambaa. Dada akavuta kigoda, akamsimulia yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye "Kitapatikana chini ya kabati," mdogo mtu aliangua kicheko ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia tangu alipovuliwa beji. Alicheka hadi akashika mbavu, akamwambia rudia, dada, rudia hapo, akarudia.

"Na Babu Grisi alisema hivyo? Mbele yake?"

"Mbele yake. Kwa mdomo wake."

Wakacheka tena. Kisha fundi akafuta macho, akauliza kama ambavyo fundi yeyote angeuliza:

"Na kioo, dada? Kilipatikana wapi?"

Mama Rejesha akavuta kikombe. Aliinamisha chupa, chai ya mwisho ikamwagika kwenye kikombe, na nyuma yake kikateleza kitu, kikagonga ukingo: *kng*.

Mdogo wake akakitoa. Akakifuta kwa shati lake, akakiweka juu ya kitambaa, mbali kidogo na skrubu za feni, kama mgeni. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Unajua wanafanya nini sasa hivi kule? Wanazifungua ndege zote tatu, paneli kwa paneli. Hawataacha hadi wakione. Na yule binti yuko kwenye chumba cha maswali. Nakijua hicho chumba. Watamwambia alikiacha ndani, akaja kukudanganya."

"Nilisema alirejesha!"

"Hata mimi nilisema." Akakisogeza kioo kwa kidole hadi mbele ya dada yake. "Kirejeshe."

"Nikikirejesha nafungwa mimi. Halafu yeye atasema yote yalikuwa njama ya mwizi wa kioo, na watu watamwamini. Atavishwa cheo mwezi ujao. Mwakani atarudi pale dirishani na hotuba yake, na safari hii mzembe nitakuwa mimi."

"Najua, dada."

"Na nikikaa nacho, ameanguka. Ameanguka kweli, niliona kwa macho yangu."

"Hilo nalo najua."

Akarudi kwenye feni yake, akachukua bisibisi, lakini mkono haukukaza kitu. Alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri vijiko.

Mama Rejesha akakiinua kile kioo. Ni kidogo mno, uso hauenei. Aliona jicho lake moja tu, nalo lilikuwa linamtazama bila kupepesa. Sasa wewe uliyekaa nami tangu alipopita langoni na viatu vyake vipya, ukacheka naye, ukaona raha naye, usinifiche: ungekuwa wewe, ungekirejesha?