Dawa ya Macho ya Supavaiza

Nilipoanza kukata minofu ya samaki aina ya mbuta kiwandani Kisumu, niliamini kwa moyo, mapafu na figo zote mbili kwamba supavaiza hutiwa dawa machoni. Inakamuliwa kutoka kwenye jicho la mbuta, lile linalowaka njano ukilimulika gizani. Matone mawili tu, mtu anaona hadi kisogoni.

“Omera, ndugu yangu, neno lenyewe linasema,” jirani yangu wa mezani alinihakikishia. “Supa ni nguvu za ajabu. Hiyo ingine ni jicho.”

Ushahidi nilikuwa nao. Sisi wakataji tulizoea kuacha nyama kidogo kwenye mifupa, maana akina mama wanaonunua mgongo wazi, yaani hiyo mifupa, wakaukaange ni shangazi na majirani zetu. Siku moja Mama supavaiza alikuwa ametugeuzia kisogo, anaongea na dereva wa lori mlangoni. Bila kugeuka akasema, “Wewe wa meza ya tatu, huyo samaki bado amevaa koti!”

Meza ya tatu ni mimi. Kisu kilinidondoka, nusura kitoboe dunia.

Basi miaka ikapita, nikamaliza shule ya jioni, nikapata cheti. Meneja akaniita: Mama anastaafu, anarudi kwao Port Victoria, kiti chake ni changu. Kazi niliyoisomea miaka yote ile nikisinzia kwenye dawati! Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Hapana, asante.” Meneja aliduwaa. Mimi niliduwaa kumshinda.

Mama alinikuta nikiosha gambuti.

“Nyathina, mwanangu, umekataa kazi? Nani amekuroga?”

Nikamweleza habari ya matone, na kwamba sitaki kutiwa jicho la mbuta machoni. Aliketi juu ya kreti, mdomo wazi, kiasi kwamba tilapia mzima angeingia.

“Yaani miaka yote hii mnafikiri nina jicho la samaki?”

“Lakini Mama, uliniona bila kugeuka!”

“Nilikuona kwenye kioo cha lori.”

Nikaweka gambuti chini. “Na hilo neno je?”

“Supervise? Tulielezwa kwenye semina. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini: super ni juu, videre ni kuona. Unaangalia kazi ya watu ukiwa juu yao, kosa lirekebishwe mapema. Ni hivyo tu. Hakuna dawa. Sasa rudi ofisini useme umekubali, kabla hawajaita mwingine.”