Gari Nililolishona Pua

Sababu ya safari hii ilikuwa nyonga ya mama yangu. Alikuwa anakaa kwetu mjini, Sarang'ombe, tangu afanyiwe upasuaji, na majuma ya kwanza nilikuwa nasimama karibu na pazia la kitanda chake kusikiliza kama anapumua. Sasa daktari alikuwa amemruhusu arudi nyumbani Butere, mradi asikunjwe kwenye kiti cha basi siku nzima. Mimi ni fundi wa sofa, mwaka wa kumi na tisa huu. Leseni ninayo, pikapu za watu nimeendesha nikipeleka viti, na jasho langu lote nilikuwa nimelihifadhia kiploti cha kujenga. Nikasema kiploti kingoje, nanunua gari. Mke wangu, Rispa, hakukataa. Aliniomba tu niende kuliangalia na mtu anayejua magari. Nikamjibu kwamba gari ni viti vilivyowekewa magurudumu, na viti, jamani, navijua mimi.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilitoka kwa miguu. Nikapita Olympic, nikatokea Jamhuri, nikaifuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha nikaingia Naivasha Road kuelekea Satellite. Njiani nilikuwa najiona tajiri. Kila gari kubwa lililonipita nililitazama kama mtu anayetazama mashemeji zake watarajiwa.

Saa nne nilikuwa Riruta Satellite, kwa Mwalimu Njoroge, mzee mstaafu ambaye macho yalikuwa yamemlazimu kuacha kuendesha. Gari lake lilikuwa kubwa, la rangi ya majivu, lenye umri wa kumpita binti yangu Ayuma, ambaye yuko kidato cha pili. Lilikuwa haibridi. Mwalimu alinieleza kwamba lina injini ya petroli na pia mota ya umeme yenye betri yake kubwa, na kwamba vyenyewe hupokezana kazi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa ndani ya betri. Kisha nikafungua mlango wa nyuma nikaanza ukaguzi. Nilibonyeza sponji, nikavuta nyuzi, nikanusa ngozi. Injini sikuiangalia hata. Mwalimu alinitazama kwa subira ya mtu aliyefundisha darasa la kwanza.

Tukaingia tujaribu. Nikabonyeza kitufe, taa zikawaka kwenye dashibodi, na kimya. Nikabonyeza tena, zikazima. Mara ya tatu zikawaka, kimya kilekile. Nikamwambia Mwalimu asijali, magari ya zamani hayo ni mambo yake, akae yeye kwenye usukani mimi nisukume. Nikashuka, nikakunja mikono ya shati, nikaegemeza bega. Gari likaondoka kwa ulaini wa ajabu, na mimi nikajipongeza kwamba bado nina nguvu. Lilienda mpaka geti, likasimama, likarudi kinyumenyume hadi niliposimama. Mwalimu akashusha kioo.

"Lilikuwa limewaka tangu mwanzo," akasema. "Likianza na umeme halipigi kelele. Lakini asante kwa kunisindikiza."

Nililipenda hapohapo. Tulipomaliza kuandikiana, Mwalimu alianza kuniambia kwamba kuna kitu kimoja huko nyuma, chini ya kiti, ambacho gari hili halitaki kabisa. Nikamkatiza. Nikamwambia habari za viti aniachie mimi, nitavivalisha upya vyote. Akanipa ufunguo.

Jumanne tulimketisha mama nyuma, tukazunguka naye mpaka Jamhuri na kurudi. Nyonga haikumuuma. Alisifu kila kitu isipokuwa jambo moja.

"Shiundu," akaniita, "kuna kitu kinapumua hapa karibu na miguu yangu."

Nikainama. Chini ya kiti cha nyuma, upande wa mlango, kulikuwa na tundu lenye vyuma vya kimia, sura mbaya, limejaa vumbi. Nikaona aibu. Mama yangu hawezi kukalia tundu. Basi Jumatano nikaleta cherehani, sponji mpya na ngozi ya rangi ya kahawia, nikavalisha kiti chote kuanzia mgongoni mpaka sakafuni. Tundu nililijaza sponji, nikalishonea ngozi juu kwa mshono wa mara mbili, ule ninaoweka kwenye sofa za maharusi. Majirani walikuja kuangalia. Mama akakaa, akasikiliza, akasema sasa kumetulia. Hakuna siku nimejivunia kazi yangu kama ile.

Ijumaa nilipotoka kupeleka stuli mbili, kitu huko nyuma kilianza kunguruma kama shabiki wa mpira aliyefungiwa nje ya uwanja. Nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliomba, tukaondoka. Mama nyuma na mto wake, Rispa kando yangu, Ayuma akabaki na shangazi yake. Niliamua kupitia Naivasha Road tukatokee barabara kuu. Kumbe wenye mikokoteni ya mboga walikuwa wameamua hivyohivyo. Tulipofika Kawangware, karibu na soko, tulikuwa tunasogea hatua moja na kupumzika tatu. Ngurumo ikazidi redio. Halafu dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu, gari likaishiwa nguvu, likawa linatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Sikumtazama Rispa. Mama aliuliza kama tumefika Naivasha.

Muuza mahindi alituelekeza Kongo, sehemu ya gereji hapohapo Kawangware, hatua chache tu, kwa fundi wa umeme wa magari anayeitwa Akoth. Alikuwa mwanamke wa umri wa kama miaka thelathini, ovaroli ya buluu, kikombe cha chai mkononi. Aliunganisha kimashine chake cha kupimia chini ya usukani, akasoma, akapunguza tabasamu.

"Betri imeshika joto mbaya, buda," akasema. "Ikiwa imekufa, hiyo ni hesabu ya gari ingine. Ulipimiwa ukinunua?"

Rispa alinitazama. Nilisema nilipima viti.

Nilisimama pale Kongo nikiwaza kiploti kilichoenda, na mama aliyekuwa ameshafunga mizigo tangu Alhamisi na kuwapigia simu wanawake wote wa kanisa la Butere kwamba anakuja kwa gari la mtoto wake. Nilitamani kulia, nasema ukweli. Akoth akafungua mlango wa nyuma, akamwamkia mama, akaanza kupapasa chini ya kiti kwa mkono. Akapapasa tena.

"Hii betri iko chini ya kiti," akasema. "Feni yake inavuta hewa ya kuipoza kupitia tundu hapa. Liko wapi?"

Nilijua papo hapo. Nikakumbuka nilivyomkatiza Mwalimu.

"Nani ameshona hapa?" Akoth akauliza akipitisha kidole kwenye uzi. "Kazi safi lakini. Mshono kama huu sijaona."

"Ni huyu wangu," mama akajibu, kwa fahari kabisa.

"Basi huyu wako ameshona gari pua."

Rispa alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Nilipewa wembe, nikapiga magoti, nikafumua mshono bora wa maisha yangu mbele ya mafundi wote wa Kongo, ambao walikuwa wameacha kazi zao kuja kunihurumia. Sponji ikatoka. Akoth akapuliza vumbi la miaka kwa pampu ya upepo, akawasha gari, tukaketi kungoja. Kimashine kikaanza kusoma joto likishuka, polepole. Baada ya chai ya pili pembetatu ilizimika. Akasema betri ni mzee lakini ni mzima, na safari nyingine nije kwake kabla ya kununua, si baada.

Saa nne na nusu tuliondoka, na mama alikuwa amepewa kazi: asiache shuka wala mto ufunike tundu. Aliifanya kazi hiyo kama askari. Tangu Naivasha hadi Kericho, kila baada ya muda alikuwa anainamisha mkono, anangoja, kisha anatangaza, "Inapumua." Rispa akawa anaitikia amina. Tulifika Butere jioni, na wanawake wa kanisa wakampokea kwa nyimbo. Alishuka mwenyewe kwa mkongojo, akawaonyesha kwanza tundu, ndipo akawaonyesha nyonga.

Jumatatu tulirudi Sarang'ombe. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na mahali gari lilipotembea kwa umeme niliweza kuisikia ile hewa ikivutwa taratibu pale miguu ya mama ilipokuwa. Nimejifunza kumsikiliza mwenye gari bila kumkatiza, na kwamba si kila tundu ni aibu. Tundu letu nimelizungushia mshono mwekundu, wazi, ili asije fundi mwingine mwenye mapenzi kama yangu akaliziba.

Nilikuwa ndio kwanza nimeegesha mama alipopiga simu.

"Inapumua?"

"Inapumua, mama."

"Haya. Na mimi pia napumua. Uache kusimama kwenye pazia ukinisikiliza."