Kinu Chini ya Gari

Gari lile sikulipenda tangu siku lilipoingia uani kwetu, karibu na Tinde, likivutwa na ng'ombe kwa mnyororo, magurudumu ya nyuma yakichimba ardhi kama plau. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa machimbo ya Geita, lililolala nyasini mpaka panya wakazalia kwenye viti. Mume wangu alilipata kwa kutoa madume ya ng'ombe. Nilinuna tangu hapo.

Ubovu wake ulikuwa breki. Ngoma ya breki, kile chuma cha duara kinachokaa nyuma ya gurudumu, ilikuwa imeshikana kwa kutu na ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Mume wangu aliimwagia mafuta ya taa. Akaipaka samli yangu, samli ya kulia ugali jamani! Akaichoma kwa makaa, akaigonga kwa nyundo mpaka majirani wakaja kulalamika. Haikutikisika. Akawa anaongea na ngoma ile kuliko anavyoongea na mimi, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mume wangu alikuwa mtu mpole. Niliogopa.

Asubuhi moja akaacha uji wake, akasema, "Leo tutaing'oa kama kisiki."

Kwetu visiki viling'olewa kwa ng'ombe. Unafunga mnyororo, ng'ombe wanakaza, na mtu anakata mizizi kwa shoka. Ng'ombe wetu walikuwa wamelizoea shoka: wakisikia pigo, wanavuta. Hawakungoja fimbo wala sauti ya mtu. Mume wangu alijivunia jambo hilo hata mnadani.

Mdogo wake, shemeji yangu, akawaleta ng'ombe. Jeki hatukuwa nayo, kwa hiyo nyuma ya gari iliinuliwa kwa magogo ikakalishwa juu ya mawe, na gurudumu moja likatolewa. Upande mmoja wakalifunga gari kwenye mti, upande wa pili wakaunganisha ngoma na nira. Kisha mume wangu akatambaa chini ya gari na nyundo, ili aigonge ngoma kwa nyuma.

Mimi nilikuwa nalitazama jiwe la kushoto. Lilikuwa likimwaga mchanga, kidogo kidogo.

"Baba watoto, toka humo. Gonga ukiwa nje."

"Nje nyundo haifiki."

"Na jiwe hili je? Linasagika."

"Mama, nenda kaangalie chungu chako."

Chungu! Hasira zilinipanda kichwani. Nikaenda jikoni kweli, ila nilirudi nikibingirisha kinu changu, kile nilichopewa na mama nilipoolewa. Nikakisimamisha chini ya chesisi, ile fremu ya gari, karibu na bega la mume wangu.

Shemeji alicheka akashika tumbo. "Shemeji, leo unatwanga gari?"

"Cheka tu. Mimi sitoki hapa."

Mume wangu akapiga nyundo. Ng'ombe walikuwa wamesimama tu, hakuna aliyewaambia kitu, lakini pigo lile waliliitikia palepale. Mnyororo ukakaza. Gari likalia. Hapo ndipo sote tulipokumbuka shoka na visiki, na shemeji hakucheka tena. Akawarukia ng'ombe usoni, akipiga kelele, "Yaya! Yaya!" yaani hapana, hapana. Kule chini mume wangu hakumsikia. Yeye alisikia chuma kikisogea.

"Inakuja!" akasema kwa furaha. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

"Acha! Acha kupiga!" nililia. Akapiga tena.

Ngoma ikachomoka kwa mkupuo. Ng'ombe wakaanguka magoti, gari likayumba kuelekea kwenye mti, na jiwe la kushoto likapasuka. Gari likashuka.

Mayu wane, mama yangu! Kinu kilipasuka toka juu hadi chini, lakini hakikulala. Nikajitupa kifudifudi kwenye vumbi. Kifua cha mume wangu kilikuwa kwenye nafasi ile ndogo iliyoachwa na kinu, na kilikuwa kinapanda na kushuka. Kisha nikauona mkono wake wa kulia, ule wa nyundo. Ekseli ilikuwa imeulalia wote, toka kiwiko hadi vidole.

"Imetoka?" aliniuliza.

Sijawahi kumchukia mtu vile, wala kumpenda vile. Nilimshika mguu nisimwachie.

"Imetoka," nikamwambia.

Akatabasamu, macho ameyafumba. "Basi imebaki ya upande wa pili," akasema. Alikuwa bado hajauona mkono wake.