Nilivyopima kabichi kwa mizani ya korosho, tukapata tenda Masasi

Wakuu, heshima kwenu wote. Hili limenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: sado moja ya kabichi iliyokatwa ni kilo ngapi?

Msicheke kwanza.

Ni ile miaka wanunuzi binafsi wa korosho wameanza kumiminika kusini, na ajira za serikali zimekauka. Nimemaliza chuo, nimerudi Newala kwa mama mdogo, Mama Somoe, mwenye mgahawa karibu na stendi.

Kampuni moja kule Masasi ikatafuta mtu wa kuwapikia wapakizi wa ghalani msimu mzima. Kwanza tupike siku moja ya majaribio. Mboga inatoka stoo yao, kwa kilo, na oda ukishatuma huongezi kitu.

Sasa Mama Somoe hupima mboga ikiwa imeshakatwa, kwa sado, kile kindoo cha rangi.

"Watu wale ni sado sita za kabichi," akasema. "Kilo utajua wewe, si ndiyo ulichosomea?"

Nilisomea historia, wakuu.

Nikaazima kitabu cha mapishi cha kigeni. Kikombe cha kabichi iliyokatwa, gramu kadhaa. Nikazidisha vikombe mpaka vikafika sado: kilo moja na nusu. Nikamsomea kwa madaha.

"Kikombe cha nani?" akauliza.

Akakata kabichi nyembamba kama uzi, akajaza sado, kisha akaweka kiganja akashindilia. Akaongeza, akashindilia tena. Huku kwetu mboga usiposhindilia unaonekana mchoyo, mteja anakuachia ndoo yako.

Hapo hesabu za kitabu zikafa. Tukipungukiwa, watu wa mizigo wanalala njaa na tenda imekwenda. Tukizidisha, tunaonekana wezi.

Nikabeba ile sado hadi kwenye mizani ya kununulia korosho. Nikaining'iniza. Mshale haukutikisika hata kidogo.

"Shikamoo mzee. Mbona haisomi?" nikamuuliza mpimaji.

"Marahaba. Mizani hii inapima magunia, wewe unaniletea kachumbari!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Lakini neno magunia likanikaa kichwani.

Kesho yake nikarudi na gunia zima la kabichi ambazo hazijakatwa. Safari hii mshale ukapanda. Nikatoa uzito wa gunia, nikarudi nyumbani, tukakata zote, tukashindilia, tukahesabu sado, nikagawanya.

Kilo mbili na nusu kwa sado! Majani ya nje na kile kigogo cha katikati, ambavyo tunavitupa, navyo vimo. Kitabu hakikuvijua.

(Wateja wetu walikula kabichi mpaka wakalalamika.)

Nikatuma oda: kilo kumi na tano.

Siku ya kupika, mtunza stoo akautazama ule mlima. "Kijana, unalisha watu au ng'ombe? Chukua nusu, inatosha."

Je, kama nimegawanya vibaya? Mama Somoe kanikazia macho.

"Samahani mzee," nikasema, "hatupunguzi. Kilo kumi na tano zote."

Tukakata. Sado ya sita ikajaa, kiganja kikashindilia, ikabaki konzi moja tu ya ziada. Mpakizi wa mwisho akala akashiba. Mtunza stoo mwenyewe akarudi na sahani.

"Ng'ombe mmoja karudi," Mama Somoe akanong'ona.

Tenda tukapewa palepale.

Nilichojifunza: kipimo cha ujazo kina mkono wa mtu ndani yake. Pima kwa mkono wa anayepika, na pima mboga kama inavyonunuliwa.

Jioni ile nilimwambia Mama Somoe kwamba barua za kuomba kazi nimeacha kuandika, oda za jikoni ni zangu. Asubuhi nikaenda kwenye mizani na gunia la karoti.

Haya wakuu, kwenu sado ya mchicha uliokatwa inatoa kilo ngapi? Semeni na kama mnashindilia.